Sehemu ya kulia imebana na imepooza? Tafuta chanzo kabla ya kununua

Nyumba nyingi za kupanga Dar es Salaam, na fleti za Nairobi vilevile, hazina chumba cha kulia. Kuna kona tu kati ya sebule na jiko, pengine mita mbili na nusu kwa tatu, sinki la kunawia mikono upande huu, mlango wa choo upande ule, na hapo ndipo meza inatakiwa ikae. Mtu akiona panabana hukimbilia dukani. Anarudi na kioo kikubwa, maua ya plastiki na pazia jipya. Mwezi unapita, kona inabana vilevile na sasa ina vitu zaidi.

Kubana kuna vyanzo vichache, na kila kimoja kina dalili yake. Kona yenye giza haiponi kwa meza ndogo, na meza iliyozidi ukubwa haitibiwi na kioo. Kwa hiyo tuanze na dalili, tushuke hadi kwenye chanzo, halafu ndipo tuzungumzie pesa.

Vipimo vya kuanzia

Tafuta futikamba. Pima urefu na upana wa eneo, ukianzia pale ubao wa mlango unapofika ukifunguliwa, siyo ukutani. Sehemu inayofagiwa na mlango si yako. Pima meza. Pima pia kiti kikiwa kimevutwa na mtu ameketi, kwa sababu kiti kilichosukumwa chini ya meza hakikuambii kitu.

Kisha, saa sita mchana, zima taa zote, keti mezani ufungue kitabu. Ukishindwa kusoma, mwanga ndio tatizo lako la kwanza. Mwisho simama pale wageni wanapoingilia, piga picha kwa simu, na uitazame baadaye ukiwa mahali pengine kabisa. Jicho lako limezoea ndoo iliyo chini ya sinki na waya wa friji. Kwenye picha utaviona.

Mtu mmoja akitaka kupita, wote wanainuka

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo zaidi, na karibu kila mara chanzo ni meza. Ukienda kwa mafundi wa Keko, au wale wa pembeni mwa Ngong Road kule Nairobi, seti inayopendwa ni ya viti sita: meza ya sentimita 150 hadi 180 kwa 90, miguu minene, viti vyenye migongo inayofika mabegani. Ni fenicha nzuri, mbao ngumu, kazi ya kudumu. Lakini ilibuniwa kwa ajili ya chumba ambacho wewe huna.

Hesabu zenyewe ni hizi. Mlaji mmoja anahitaji sentimita 60 za ukingo wa meza ili viwiko visigombane. Kutoka ukingo wa meza hadi ukutani zinahitajika sentimita 75 ili mtu avute kiti, akae na ainuke. Kama nyuma yake kuna mtu atakayepita na hotipoti ya wali, fanya 90. Ukiwa na upana wa mita 2.4, meza yenye upana wa sentimita 90 ikae katikati, kila upande unabakiwa na 75, na kila kitu kimekwisha hapo. Ukiegemeza kabati la vyombo kwenye mojawapo ya kuta hizo, lenye kina cha sentimita 45, umekwama.

Ila chunguza kwanza kinachokwama ni nini hasa, maana dawa zinatofautiana.

Kama kiti ndicho kinachogonga ukuta, upana wa meza umezidi au meza imewekwa katikati bila sababu. Sogeza meza upande mmoja, ondoa viti vya upande huo, weka benchi lisilo na mgongo likiegemea ukuta. Mtu wa kwenye benchi anaingia kwa kuteleza kutoka pembeni, hahitaji nafasi ya kuvuta kiti. Sentimita 50 zinamtosha. Ukijumlisha 50 za benchi, 75 za upana wa meza na 85 za upande wa viti, unapata mita 2.1, na wanne wanakula bila kusumbuana. Mwambie seremala kimo cha kukalia kiwe sentimita 45 na meza iwe 75. Benchi likizidi hapo mapaja yatagusa ubao, na ndani ya wiki benchi litakuwa mahali pa kuwekea mikoba.

Kama magoti na miguu ndiyo inayogongana chini, tatizo ni miguu minne ya meza. Meza ya mviringo yenye mguu mmoja katikati, kipenyo sentimita 90, inakalisha wanne na haina kona ya kumchoma anayepita. Kwa eneo la mraba ndiyo chaguo langu bila kusita.

Na kama njia ya kwenda jikoni inakatwa, tatizo si ukubwa wa meza, ni mahali ilipo. Kata magazeti ya zamani au maboksi kwa ukubwa na umbo la meza, yalaze chini, zunguka nayo siku mbili tatu ukifanya kazi zako za kawaida. Mguu utakaoyakanyaga utakuonyesha njia inapopita kwa kweli. Wakati mwingine kugeuza meza tu, upande mrefu ufuate njia badala ya kuikata, kunamaliza kesi bila shilingi kutoka mfukoni.

Swali la meza ya kioo huulizwa sana. Ndiyo, jicho linapita ndani yake na eneo linaonekana wazi. Lakini nyumba yenye watoto itakuwa inafuta alama za vidole asubuhi, mchana na jioni, na kioo chenye alama kinavuta macho kuliko mbao. Ubao mwembamba wa mninga juu ya miguu myembamba unakupa wepesi uleule. Migongo ya viti nayo ikiwa mifupi, isiyopita sana kimo cha meza, utaona ukuta wa mbele bila kizuizi, na hilo linapanua kona kuliko watu wanavyodhani.

Mchana kweupe, lakini taa lazima iwake

Kabla ya kulaumu dirisha, angalia wavu wa mbu. Wavu uliokaa mwaka mzima bila kuoshwa hujaa vumbi na mafuta ya jikoni, na unakula mwanga mwingi. Utoe, uuoshe kwa sabuni na brashi laini, ukaushe, uurudishe. Hii ni kazi ya asubuhi moja na mara nyingi ndiyo inayoleta tofauti kubwa kuliko zote.

Kisha tazama pazia. Kama fimbo ya pazia ina upana wa dirisha tu, pazia likifunguliwa linabaki limefunika pembe zote mbili za kioo. Fimbo izidi dirisha kwa sentimita 20 hadi 30 kila upande, ili kitambaa kilale ukutani. Ipandishe karibu na dari, na pazia lishuke hadi chini. Ukuta utaonekana mrefu. Mapazia mazito ya tabaka mbili yenye mikunjo na shada juu yanafaa ukumbi mkubwa. Hapa weka kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga.

Ikiwa umefanya hayo na bado pana giza, ujue dirisha linaangalia wapi. Dar es Salaam ipo takriban nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Dirisha la kaskazini lina bahati. Dirisha la magharibi lina shida ya aina nyingine: jua la alasiri linachoma, watu wanafunga pazia saa nane, na kona inakuwa giza kwa sababu ya mwanga uliozidi. Hapo kivuli kiwekwe nje, siyo ndani. Pazia la mianzi lililoning'inizwa nje ya grili, au mmea unaotambaa, huzuia joto kabla halijagusa kioo, na ndani unaweza kuacha wazi.

Dirisha linalotazama ukuta wa jirani kwa umbali wa mita moja halitibiki kwa pazia. Muombe jirani, au mwenye nyumba, ukuta huo upakwe chokaa nyeupe. Ndoo moja ya chokaa kwenye ukuta wa nje inarudisha mwanga ndani kuliko balbu mbili.

Rangi sasa. Dari iwe nyeupe isiyong'aa. Kuta ziwe za rangi nyepesi, lakini nikuombe uangalie jambo ambalo nyumba zetu nyingi zinalo: mita moja ya chini imepakwa rangi ya mafuta, nzito, ya kahawia au kijivu, na juu yake krimu. Sababu yake inaeleweka, mikono ya watoto na maji ya kudekia. Lakini mstari ule unaukata ukuta katikati na chumba kinaonekana kifupi. Endelea na rangi ya mafuta chini kama unaihitaji, ila iwe rangi ileile ya juu. Mstari ukipotea, kimo kinarudi.

Umeweka kioo na bado pamebana, au pamezidi kubana

Kioo huzidisha kile kinachokitazama. Hilo tu. Kikitazama dirisha au mlango wa veranda, umepata dirisha la pili. Kikitazama sinki lenye miswaki, dumu la maji na mlango wa choo, umepata masinki mawili na vyoo viwili.

Keti kwenye kila kiti, kimoja baada ya kingine, na uone kioo kinakuonyesha nini. Ukiona vurugu, kihamishie ukuta wa pembeni ya dirisha, kidake mwanga kutoka ubavuni. Ukingo wake wa chini uwe karibu na kimo cha meza, la sivyo walioketi wataona dari peke yake.

Mlango wa choo unastahili maneno yake. Wachoraji wa ramani za nyumba za kupangisha wanaufungulia hapo hapo penye chakula, na mpangaji hana la kufanya kuhusu ukuta. Lakini anaweza kupaka mlango ule rangi ya ukuta unaouzunguka, fremu na yote, mpaka jicho lisiupe uzito. Anaweza kupanga viti ili mgeni aupe mgongo. Anaweza kuusimamisha mbele yake ubao mwembamba wa mianzi au fito, kama nafasi ya kupita inabaki. Na chini ya sinki aweke kikabati kidogo chenye mlango, dawa za kusafishia zisionekane.

Meza haioni chakula: imejaa madaftari, chaja na pasi

Familia inakula kwenye makochi mbele ya runinga, sahani magotini, na watu wanasema tabia imeharibika. Mimi naanza na soketi. Ikiwa soketi pekee ya upande ule iko jirani na meza, simu zote za nyumba zitalala mezani. Vuta waya hadi rafu ya ukutani na uweke kituo cha kuchajia huko, na nusu ya vitu itahama yenyewe.

Nusu nyingine imekaa mezani kwa kuwa haina pengine pa kukaa. Hapa watu hununua kabati kubwa la vyombo, lile lenye vioo, na sakafu inapungua tena. Wazee wa pwani walikuwa na jibu bora. Vyumba vya majumba ya mawe ya Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, ambao kwa kawaida hauzidi mita tatu hivi. Chumba kirefu, chembamba, chenye watu wengi. Hawakukijaza fenicha. Walichonga zidaka ndani ya ukuta wenyewe, safu juu ya safu kwenye plasta ya chokaa, wakaweka humo sahani za kaure, vitabu na vitu vya thamani. Sakafu ikabaki ya watu na mikeka. Na vivuli vya zidaka vikaupa ukuta kina, mpaka chumba cha mita mbili na nusu hakionekani cha mita mbili na nusu.

Ukuta wa tofali za saruji wa nyumba ya kupanga huwezi kuuchimba. Lakini wazo lile linahamishika. Tengeneza rafu ya visanduku ukutani, kina sentimita 20 hadi 25, ianze juu ya vichwa vya walioketi au ijaze ukuta mmoja kutoka chini hadi juu. Sahani ya chakula ya kawaida ina kipenyo cha sentimita 27 hivi. Ikisimamishwa wima na kuegemezwa, kina cha 20 kinaitosha. Ndani ya baadhi ya visanduku paka rangi nzito kidogo kuliko ukuta, buluu ya bahari au kijani, ili kina kionekane. Acha kama theluthi ya visanduku bila kitu. Naelewa mkono unavyowasha kuvijaza, lakini vile vitupu ndivyo vinavyofanya kazi ya kupanua.

Na ondoa nailoni ngumu juu ya meza. Inahifadhi ubao, ndiyo, lakini inang'aa, inanata mikononi wakati wa joto, na hakuna anayetaka kuegemeza mkono hapo baada ya kula. Kitambaa cha pamba kinachofulika, au ubao mtupu uliopakwa vanishi isiyopitisha maji, unakaribisha zaidi.

Usiku chakula kinaonekana kijivu na watu wanakula haraka

Angalia balbu. Taa nyeupe kali iliyo katikati ya dari, ile ya 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga), inaelekea kwenye ubluu. Mchicha unapoteza ukijani wake, mchuzi wa nyanya unapauka, nyuso zinaonekana zimechoka. Kwenye boksi la balbu tafuta 2700K au 3000K. Ukipata iliyoandikwa CRI (kipimo cha taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu) 80 kwenda juu, vizuri. 90 ni bora zaidi, rangi za chakula zinatoka jinsi zilivyo. LED ya wati 7 hadi 9 inatosha meza ya watu wanne.

Halafu ishushe. Taa ya kuning'inia, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 70 hadi 80 juu ya meza, inachora duara la mwanga linalokusanya watu, na kingo za chumba zikiwa na mwanga hafifu jicho halijui kuta zinaishia wapi. Kivuli cha taa si lazima kitoke dukani. Kikapu cha ukili kilichogeuzwa, kikatobolewa matakoni, kinatoa madoadoa mazuri ya mwanga ukutani. Tumia LED tu humo, kamwe usiweke balbu ya zamani inayochoma, maana ukili mkavu unashika moto. Kama waya wa dari hauko juu ya meza, fundi umeme ataweka ndoana darini pale unapotaka na kuuvuta waya hadi hapo.

Angalizo la pangaboi: taa ikiwa juu ya mapanga, mwanga unakatwakatwa na meza nzima inapepesa. Watu huumwa kichwa bila kujua sababu. Taa ishuke chini ya mapanga au ihamie ukutani.

Kila kitu ni safi, lakini pamepoa

Hapa chanzo huwa kimoja kati ya viwili: rangi zote zinafanana, au vitu vidogo vidogo ni vingi na hakuna hata kimoja kinachosema kitu. Fremu tisa za saizi ya kiganja, saa, kalenda ya benki, maua ya plastiki yenye vumbi. Viondoe vyote kwa siku moja. Kisha rudisha kitu kimoja kikubwa.

Kanga inafaa sana. Ina takriban mita 1.5 kwa 1.1, ina pindo, ina mji, ina jina, na ikivutwa vizuri juu ya fremu ya mbao inabeba ukuta mzima peke yake. Chagua yenye jina ambalo utafurahi kulisoma kila siku ukiwa unakula. Picha ya Tingatinga nayo inaweza. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, kwa rangi za mafuta za kung'aa juu ya mbao za mraba, na ingawa alifariki mwaka 1972, wachoraji waliomfuata bado wanauza kazi zao pale Oysterbay. Rangi zile hazihitaji msaada wa kitu kingine chochote ukutani. Itundike kwa ajili ya watu walioketi: katikati ya picha kuwe karibu sentimita 130 hadi 140 kutoka sakafuni. Picha nyingi hutundikwa juu mno, hapo anapofika fundi mwenye nyundo.

Rangi moja ya kwenye picha irudiwe mahali pawili tu, mathalani kwenye mto wa benchi na kwenye bakuli. Mmea mmoja hai unatosha. Sansevieria, yenye majani marefu yaliyosimama wima, inavumilia kivuli na kusahauliwa maji, na haichukui upana.

Rangi inabanduka chini ya ukuta na kuacha unga mweupe

Usipake juu yake na usifunike kwa kabati. Unga ule ni chumvi inayoletwa na unyevu, ama unaopanda kutoka msingini, ama unaotoka kwenye bomba la sinki au bafu upande wa pili wa ukuta. Funga koki zote za ndani usiku na usome mita. Ikisogea hadi asubuhi, bomba linavuja. Mwite fundi bomba kwanza. Baada ya hapo kwangua hadi kwenye plasta, acha ukuta ukauke kwa wiki kadhaa, kisha paka chokaa inayoruhusu ukuta kupumua. Rangi ya mafuta hapo itavimba na kubanduka tena.

Sauti zinagonga, mazungumzo yanachosha

Vigae chini, saruji pembeni, dari ngumu juu. Ongeza vitu laini: pazia, mito ya benchi, kitambaa cha meza, mkeka ukutani. Zulia chini ya meza ya chakula sikushauri kwa nyumba yenye watoto na mchuzi. Ukilipenda sana, lizidi meza kwa sentimita 60 kila upande, viti vikivutwa visikwame kwenye ukingo wake.

Siku za kawaida panatosha, wageni wakija pananishinda

Usinunue meza ya Idi au Krismasi kwa ajili ya siku 363 zilizobaki. Weka viti vinne vya kudumu na stuli za kupangana zikae chumbani. Ubao wa kuongezea unaofungwa kwa bawaba ukutani unakupa nafasi za watu wawili zaidi. Na wakizidi hapo, tuna desturi yetu nzuri: sogeza meza ukutani iwe ya kuwekea vyakula, tandika mikeka sebuleni, lete masinia, birika na bakuli la kunawia. Watu kumi na wawili watakula vizuri palepale ambapo viti sita vilikuwa vikigombana.

Kama veranda ina kivuli, ifikirie pia. Wavu wa mbu unaofunguka, meza ya kukunja, taa moja ya 2700K ukutani, na chakula cha jioni kinahamia nje miezi ya joto, Desemba hadi Machi, wakati kona ya ndani haivumiliki hata ikiwa imepambwa vipi.